Tuhesabu Miche Yetu Septemba

Ndugu zangu wa Kansay, wa Laja, Kambi ya Faru na Ngaibara, na ninyi nyote mnaosoma haya mkiwa Karatu mjini, Endabash, Mang'ola au mbali zaidi: nimekuja na swali la kifamilia.  

 Mwaka jana ulipanda mche?

Nadhani wengi mtajibu ndiyo. Sisi si watu wa kukaa pembeni. Ikitangazwa kwenye mkutano wa kijiji kwamba kesho ni siku ya kupanda miti, tunatoka na majembe, watoto wanatoka na ndoo, na kufika saa nne asubuhi kazi imekwisha.

Basi swali la pili: mche ule uko wapi leo?

Hapo ndipo wengine tunapotazama chini. Usione haya. Acha nianze mimi.

Mwaka mmoja, tarehe 1 Aprili, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, nilipanda miche ishirini kuzunguka nyumba na pembezoni mwa shamba. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, udongo umelainika, jembe linazama lenyewe. Mwezi wa tano miche yote ilikuwa kijani, hata wageni wakaisifu. Nami nikajisifu kimoyomoyo. Septemba nikazunguka kuihesabu. Nikaikuta miwili.

Mmoja ulikuwa nyuma ya bafu, pale maji ya kuogea yanapotokea. Wa pili ulikuwa umebanwa katikati ya ua wa minyaa, mahali ambapo mbuzi hawezi kupitisha shingo. Hakuna aliyeipendelea miche hiyo. Mmoja ulipata maji kwa bahati, mwingine ukapata ulinzi kwa bahati. Ile kumi na minane iliyokosa bahati ikakauka, ikaliwa, ikakanyagwa.

Tangu siku hiyo nimeshika jambo moja: mche haufi Aprili. Aprili mvua inaubeba mgongoni. Mche hufa Septemba, tumeshavuna, tumeshauza, na tumeshausahau. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Nadhani hata mche waliuona.

Nyumba yetu hii

Ardhi yetu imekaa pagumu na pazuri kwa wakati mmoja. Chini kwenye bonde la Ziwa Eyasi mvua ya mwaka inaweza isifike milimita 400. Juu kwenye msitu wa asili, ukingoni mwa Ngorongoro, inapita milimita 1,000. Sisi tuko katikati, juu ya nyanda hizi, tunatazama huku na huku. Vuli ikija vizuri inaanza Novemba, masika yanatubeba hadi Mei. Kuanzia Juni hadi Oktoba ni upepo, vumbi na baridi ya Julai inayomfanya mtu atafute blanketi la pili.

Hesabu mwenyewe: ni miezi mitano. Mtoto mchanga wa miezi miwili, je, unaweza kumwacha nje peke yake miezi mitano?

Zamani palikuwaje hapa? Jina la Kambi ya Faru peke yake linatosha kutudokeza. Faru hupenda vichaka. Katika miaka ya 1940 na 1950, kwenye nyanda hizi za Mbulu, ambayo Karatu ilikuwa sehemu yake, vichaka vingi vilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o. Mbung'o walikuwa wanaua ng'ombe. Watu walikuwa wamebanana kule juu milimani, walihitaji mahali pa kulima na kulisha. Walifanya walichopaswa kufanya ili sisi tuzaliwe. Hatuna wa kumlaumu.

Ila mbung'o walipokwisha, vichaka havikurudi. Leo mvua kubwa ikinyesha tunaona wenyewe: maji mekundu yanashuka kwa kasi, korongo lililokuwa la kuruka kwa hatua moja sasa linataka daraja. Udongo ule ni mahindi yetu ya kesho, unakwenda kujaza Eyasi na Manyara.

Na maji? Wakulima wa vitunguu wa Mang'ola wananywesha kwa chemchemi, na chemchemi zile zinalishwa na milima yenye msitu. Mvua inashikwa na miti kule juu, inazama taratibu, inatokea chini baada ya muda. Msitu wa Marang, ambao sasa uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara, unafanya kazi hiyohiyo upande wake. Ukiona maji yanatoka ardhini Septemba, ujue kuna mti mahali fulani uliyahifadhi tangu Aprili.

Tuna methali tunayoipenda: mchumia juani hulia kivulini. Umewahi kujiuliza kivuli kile alikipanda nani?

Tuanzie kitaluni

Wengi tunasubiri miche iletwe na gari. Ikija, tunashukuru. Lakini mche uliolelewa nyumbani una faida moja kubwa: mwenyewe anaujua tangu ulipokuwa mbegu, na mtu haachi kirahisi kitu alichokilea.

Kitalu hakihitaji eneo kubwa. Sehemu sawa na kitanda cha futi tano inatosha viriba mia kadhaa. Changanya makopo matatu ya udongo wa juu, mawili ya samadi iliyooza sawasawa, na moja la mchanga. Samadi mbichi inaunguza mizizi, kwa hiyo tumia ile ya chini kabisa zizini, iliyokwisha kuwa kama unga. Samadi sisi tunayo. Wazee waliotoka Da'aw, kule milima ya Kainam, walilima miteremko ile ile vizazi na vizazi kwa kuirudishia samadi na kuikinga kwa matuta. Elimu hiyo hatuhitaji kuletewa na mtu.

Mbegu ngumu kama za migunga na lusina, mwagia maji ya moto yaliyoipuliwa, ziache zilale humo hadi asubuhi. Weka kivuli chepesi cha majani juu ya kichanja. Mwagilia asubuhi na mapema, na jioni jua likitulia. Kila baada ya wiki chache nyanyua viriba ili mizizi isizame ardhini chini yake.

Sasa, kuna siri ambayo wengi tunaisahau. Mwezi mmoja kabla ya kuhamisha, anza kupunguza kuudekeza mche, kidogo kidogo. Ondoa kivuli nusu, kisha chote. Punguza maji. Mche uliozoea kivuli na kunywa mara mbili kwa siku, ukipelekwa shambani ghafla, unashtuka kama mtoto wa bweni siku ya kwanza.

Ukifika urefu wa rula ya mwanafunzi, shina limekomaa na kuwa kama penseli, uko tayari kwenda kuanza maisha.

Shimo, na kinachoingia shimoni

Shimo lichimbwe kabla ya siku ya kupanda. Februari ni wakati mzuri, au Oktoba kwa wanaosubiri vuli. Futi mbili kwenda chini, futi mbili upana. Unaona ni kubwa mno kwa mche mdogo? Fikiria kwamba unamjengea mtoto chumba atakacholala hadi atakapooa.

Udongo wa juu uweke kushoto, wa chini uweke kulia. Wakati wa kujaza, wa juu ndio unaotangulia kuingia, umechanganywa na debe la samadi iliyooza. Mizizi inakwenda chini, na huko chini ndiko inakotaka chakula.

Chana kiriba, kiondoe chote. Kama mizizi imejizungusha kama kamba, ikate ncha kwa wembe, vinginevyo itaendelea kuzunguka na mti utakuja kujinyonga wenyewe ukiwa mkubwa. Panda pale shina lilipokuwa limeishia kwenye kiriba, usizidishe. Shindilia kwa mikono, halafu kwa mguu kwa upole, ili hewa isibaki chini.

Viriba vilivyochanwa, tuvikusanye jamani. Mifuko ya plastiki ya kubebea tuliiaga tarehe 1 Juni 2019, na tulizoea haraka. Tusije tukapanda mti na kumwachia ng'ombe plastiki ya kumeza.

Mwisho, tengeneza kibeseni cha udongo kuuzunguka mche, kwenye mteremko ukingo wa chini uwe mrefu zaidi, ili maji yakija yakae. Tandaza nyasi au mabua juu yake, unene wa kiganja, lakini yasiguse shina. Yakigusa, mchwa watapanda. Penye mchwa wengi, weka majivu kidogo.

Lakini maji tutatoa wapi?

Nasikia mama mmoja ananiuliza: mwandishi, mimi natembea na ndoo kichwani, halafu unaniambia nikamwagilie mti?

Mama, umeuliza vizuri, na sitakujibu juu juu. Maji ya kunywa ni ya watoto, mti hauyagusi. Naomba maji yanayomwagwa tu.

Tuhesabu pamoja. Mche uliotandazwa vizuri unaweza kuvuka kiangazi kwa chupa ya lita moja na nusu, mara mbili kwa wiki. Kwa wiki moja ni lita tatu. Kuanzia mwanzo wa Juni hadi katikati ya Novemba ni kama wiki ishirini na nne. Lita tatu mara ishirini na nne ni lita sabini na mbili. Hayajai madumu manne ya lita ishirini, kwa kiangazi chote.

Sasa fikiria maji ya kunawa mikono kabla ya kula. Maji ya kuosha mboga. Maji ya kuogea mtoto. Maji ya kusuuzia vyombo, yasiyo na mafuta mengi wala dawa ya kung'arisha nguo. Yanakwenda wapi kila siku? Kwa nyumba yenye watu sita, ni rahisi kwa maji hayo kulea miche mitano bila ndoo moja kuongezeka kichwani mwa mama.

Kuna nyumba ambako wageni wote hunawishwa juu ya mche mmoja wa mparachichi. Mgeni anacheka, ananyoosha mikono, maji yanashuka shinani. Nani atausahau mche wa namna hiyo?

Na chupa zile za maji tunazoziona zimetupwa kando ya barabara ya kwenda Ngorongoro, ziokote. Toboa tundu dogo kwa sindano kwenye kifuniko, kata kitako, ichomeke chupa kichwa chini karibu na mizizi. Ukijaza, maji yanashuka tone kwa tone mahali panapohitajika, na jua halipati kitu.

Ng'ombe ni wetu, na mti ni wetu

Tuseme jambo lingine ambalo sote tunalijua. Mahindi yakishavunwa, mwezi wa saba na wa nane, shamba linakuwa la mifugo. Ng'ombe wanaachiwa mabua. Ndivyo tulivyokua, ni desturi nzuri, wanakula na wanatuachia samadi. Ila ng'ombe hawezi kutofautisha bua na mche wa grevilea. Kwake vyote ni chakula, tena mche ndio mtamu zaidi, maana ndio peke yake ulio kijani.

Tufanyeje? Nina mapendekezo matatu, chagua unaloliweza.

La kwanza ni miiba. Matawi matatu ya mgunga yaliyosimamishwa kuuzunguka mche yanamkata mbuzi hamu kuliko mkemeo wa saa nzima.

La pili ni kupanda mahali ambako ulinzi upo tayari. Karibu na ua wa minyaa, karibu na jiko, karibu na zizi lakini nje yake. Usianze na mche wa mbali. Anza na ule ambao ukifungua mlango asubuhi unauona.

La tatu ni mazungumzo. Kwenye mikutano ya vitongoji, wazee wetu wakishamaliza sala ya slufay na wengine tukaitikia, si tunaweza kuweka ajenda hii moja? Tukubaliane ni mashamba gani yenye miche ambayo mwaka huu mifugo itapita pembeni. Jirani akijua, atakusaidia. Jirani asipojua, utamlaumu bure.

Na ninyi vijana wetu wa machungani, ninyi ndio walinzi wakuu. Mnaona kila kitu kabla yetu. Mtoto anayemzuia ndama asiguse mche amefanya kazi sawa na aliyeupanda. Wazazi, tuwaambie hivyo. Tuwasifu mbele ya watu. Sifa ya baba jioni inamfanya kijana alinde msitu mzima.

Mti upi, na wapi?

Kila mti una mahali pake, kama kila mtu kwenye mkeka.

Mpakani mwa shamba, grevilea unafaa. Mti huu ulitoka Australia, ukajulikana kwetu kama kivuli cha kahawa; ukipita kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani utauona umesimama kwa mistari. Haugombani sana na mahindi, majani yake yanakuwa matandazo, na ukiupogolea matawi unapata kuni bila kuuangusha. Kuni hizo ni safari moja ndogo ambayo mama au binti hataiendea porini.

Ukitaka mbao nzuri na maua ya nyuki, panda mringaringa. Ni wa kwetu, unaizoea ardhi hii, na fundi seremala yeyote atakuambia thamani yake.

Nyumbani, panda mparachichi. Ule uliobebeshwa unaweza kuanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne ukitunzwa, ule wa kokwa unachelewa zaidi lakini nao utakuja. Watoto wanaokula parachichi la nyumbani hawahitaji kuhubiriwa juu ya miti.

Mkaratusi je? Una faida zake, unakua upesi na nguzo zake zinauzika. Ila ni mnywaji mkubwa. Uweke mbali na chemchemi, mbali na kisima, mbali na shamba la maharage. Kando ya chanzo cha maji tuiachie mikuyu na miti ya asili nafasi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatutaka tukae mita 60 kutoka kwenye kingo za mito, mabwawa na maziwa. Mita 60 si mwendo mrefu kwa mtu mzima, na faida yake wanaiona wajukuu.

Na kama huna mche, huna kiriba, huna hata mbegu? Tazama visiki shambani mwako. Vingine havijafa. Kila mvua vinachipua, na kila mwaka tunavifyeka pamoja na magugu. Ndugu zetu wa Dodoma wameipa kazi ya kuviamsha jina zuri: kisiki hai. Unachagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, unakata mengine, unayafunga alama ili anayelima ayaone, unayapogolea kila msimu. Mizizi iko chini tayari, imeshajua maji yalipo. Mti wa namna hii haukuombi hata chupa moja Septemba.

Wasukuma wa Shinyanga nao walikuwa na ngitili zao, maeneo ya malisho yaliyofungwa ili nyasi na miti vipumzike hadi kiangazi. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ulizirudia ngitili hizo, na nchi iliyoanza kuonekana kama jangwa ikavaa kijani tena. Waliifufua desturi ya babu zao wakaiongezea utaalamu. Je, sisi hatuna kona ya malisho tunayoweza kuipumzisha?

Kila mmoja na mahali pake

Walimu wetu wapendwa, mmelea watoto wetu na miche pia. Nina ombi moja kwenu: likizo. Shule zikifungwa Juni na Desemba, miche ya shule inabaki yatima. Desemba mvua inaweza kusaidia, Juni haisaidii. Vipi mkiweka zamu, wanafunzi watatu wanaokaa karibu na shule kwa kila wiki ya likizo? Na kila mche ukawa na jina la mtoto kwenye kibao kidogo? Mtoto wa darasa la kwanza akipanda, atakapomaliza shule ya msingi atakaa chini ya kivuli chake kupiga picha ya kumbukumbu.

Viongozi wetu wa dini, watu wanawasikia. Kilimanjaro, Askofu Fredrick Shoo wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) amejulikana kwa kuwahimiza vijana wa kipaimara wapande miti kama sehemu ya mafundisho yao. Hata huku tuna vipaimara, komunio ya kwanza, ndoa na madrasa. Je, zawadi ya harusi isiwe pia miche miwili, mmoja wa bibi na mmoja wa bwana? Wakigombana, watakutana kwenye kumwagilia.

Ninyi wa bodaboda, kivuli pale kijiweni mnakihitaji kuliko mtu yeyote. Mche mmoja, vijana kumi, kila mmoja na chupa yake. Mama lishe, maji ya kuoshea mchele yanatosha mti mbele ya banda lako. Na ninyi mnaofanya kazi kwenye hoteli na kambi za watalii, mmeona jinsi wageni wanavyosafiri kutoka ng'ambo kuja kutazama msitu wetu. Nanyi rudini nyumbani na mche mmoja.

Wanetu mlioko mjini, Arusha au Dar es Salaam, mkituma hela ya mbolea, ongezeni kidogo ya miche. Mkija Desemba, mtauliza hali ya bibi, mtauliza na hali ya mti. Bibi atafurahi kwa yote mawili.

Na tukipunguza kuni, tumesaidia miti ambayo hatukuipanda. Jiko banifu la udongo linakula kuni chache kuliko mafiga matatu, na moshi wake hautoi watu machozi sana. Anayeweza gesi, heri zaidi.

Kuhesabu kwa namna nyingine

Tarehe 5 Juni 1977, mjini Nairobi, Wangari Maathai na wenzake walipanda miti saba pale Kamukunji. Si yote iliyoishi. Lakini yeye alijifunza, akawafuata wanawake wa vijijini, wakaanzisha vitalu vyao wenyewe, na hapo ndipo Vuguvugu la Mkanda wa Kijani lilipozaliwa. Wanawake wale walipewa kifuta jasho kidogo, nacho kililipwa kwa kila mche uliopona baada ya kutoka kitaluni. Mche uliokufa haukuhesabiwa. Mwaka 2004 mama yule akapokea Tuzo ya Nobel ya Amani, wa kwanza kati ya wanawake wa Afrika.

Naipenda hesabu ile. Walihesabu iliyopona.

Serikali yetu imezielekeza halmashauri zipande miti isiyopungua milioni 1.5 kila mwaka, kila halmashauri. Ni nambari kubwa, na ni nia njema. Maafisa wetu wa misitu na wa ugani wanajitahidi kuifikia. Sisi kwenye kaya zetu tunaweza kuwasaidia kwa nambari ndogo kabisa: tano. Miche mitano tu, lakini iwe hai.

Ukiniuliza, ni heri nyumba iliyopanda mitano ikabaki na mitano kuliko mimi niliyepanda ishirini nikabaki na miwili.

Basi ombi langu ndilo hili, na ni dogo. Mwaka huu tuwe na siku mbili. Ya kwanza tunayo, tarehe 1 Aprili, ya majembe na nyimbo. Ya pili tuiweke wenyewe, Jumamosi ya kwanza ya Septemba. Siku hiyo hatupandi kitu. Kila kaya itoke nje na watoto, izunguke, ihesabu iliyo hai. Ikae chini kwa kila mmoja, ing'oe magugu, irudishe matandazo yaliyopeperushwa na upepo, isimamishe mwiba ulioanguka, imimine chupa moja. Penye shimo tupu, tujiulize kwa upole: huyu alikosa nini, maji au ulinzi? Halafu tuliandae shimo lile kwa ajili ya vuli.

Jioni tutembeleane. Nikija kwako usiniandalie chochote, nionyeshe tu mche wako. Ukija kwangu nitakuonyesha ule wa nyuma ya bafu. Siku hizi umepita paa, ndege wamejenga humo, na maji ya kuogea bado yanapita pale pale. Tofauti ni kwamba sasa nayaelekeza kwa mkono wangu, na pembeni yake kuna mitatu midogo, imezungushiwa miiba, inasubiri Septemba yake ya kwanza.